Sisi Tuko Wapi Humu?

Karatasi zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndogo mlangoni, kando ya chupa ya kahawa. Kurasa nne zilizobanwa pini pembeni, nembo ya chuo juu. Yeyote anayeingia anaruhusiwa kuchukua nakala. Nilichukua mbili, moja yangu na nyingine ya jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Uvira, kule Kongo, ambaye jioni ile nilikuwa nimemsindikiza. Tukakaa safu ya nyuma kabisa, makoti mapajani, maana ilikuwa Februari na theluji ya nje ilishageuka barafu. Akaipitia ile karatasi ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, akiyadaka maneno machache anayoyajua. Kisha akaniinamia sikioni.

"Dada, sisi tuko wapi humu?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, na swali lake halijaniacha mpaka leo.

Kilikuwa kikao cha bodi ya wadhamini ya chuo cha jamii, katika mji mdogo wa Illinois ambako naishi. Karatasi ile ilikuwa taarifa ya kila mwezi ya mkuu wa chuo kwa bodi yake. (Wenyewe humwita rais wa chuo. Mimi nitasema mkuu wa chuo, ndivyo masikio yetu yalivyozoea.) Nimekuwa nikihudhuria vikao hivi tangu 2016, kila zamu yangu ya kazi inaponiruhusu. Watanzania wenzangu huku huniuliza nafuata nini mle ndani, jioni nzima ya kusikiliza mambo ya paa linalovuja na mkataba wa wafagiaji. Nafuata kitu nilichokulia nacho.

Kijijini kwetu, upande wa Muheza, mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule, chini ya mwembe. Afisa mtendaji alisimama na kauntabuku lake, akasoma mapato na matumizi. Sheria inataka mkutano ule uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na baba yangu alizihesabu siku. Akirudi nyumbani, swali la kwanza la mama lilikuwa moja tu: "Wamesoma?" Mwaka mmoja tuliokuwa tukijenga darasa, mtendaji aliposoma mifuko ya saruji, baba alinyoosha mkono akasema, "Bwana mtendaji, hapo kwenye saruji hebu rudia." Akarudia. Watu wakanyamaza wakihesabu vichwani. Akarudia tena mara ya tatu, safari hii polepole. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimekaa kwenye mzizi wa ule mwembe, na sikujua kwamba mtu mzima mwenye kitabu na muhuri anaweza kuambiwa rudia, akarudia.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba chuo nilichokuwa nasoma kina bodi, na bodi inakutana hadharani, na mkuu wa chuo husimama mbele yake kueleza mwezi umekwendaje, niliona lazima nikasikilize.

Kwanza niseme chuo cha jamii ni kitu gani. Nilipomweleza mama kwa simu, nilimwambia afikirie vile vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa kwetu 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima alivyoviona Sweden. Akaelewa mara moja, kwa sababu shangazi yangu alijifunza ushonaji katika kimoja. Huku Marekani asili yake ni nyingine, lakini moyo unakaribiana. Chuo cha kwanza cha serikali cha aina hii kilianza mwaka 1901 hapa hapa Illinois, mji wa Joliet, ndani ya jengo la shule ya sekondari. J. Stanley Brown, mkuu wa shule hiyo, alishirikiana na William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago ili vijana wa mji waweze kusoma miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Walianza na wanafunzi 6. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima, karibu na watu na kwa gharama nafuu, na jina la chuo cha jamii likashika. Leo viko takriban 1,000. Humo utamkuta kijana wa miaka 18 anayejiandaa kwenda chuo kikuu, baba wa miaka 50 aliyefungiwa kiwanda anayejifunza kuchomelea vyuma, na mimi, niliyeingia kusomea CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi tumeanzia maisha huku. Illinois inataka saa 120 za mafunzo hayo, 80 za darasani na 40 za kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yako. Nilizimaliza katika kipupwe kimoja, nikitembea na viatu vya kazini ndani ya begi la plastiki.

Bodi yenyewe ni watu saba. Katika wilaya nyingi za vyuo Illinois huchaguliwa kwa kura na wakazi, wanakaa miaka sita, na hawalipwi mshahara. Wa kwetu ni mkulima wa mahindi, mwalimu mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wa namna hiyo. Kuna pia mdhamini mwanafunzi anayechaguliwa na wenzake. Kura yake ni ya ushauri tu, lakini anaruhusiwa kutoa hoja na jina lake linaitwa kama la wengine. Kati ya wafanyakazi wote wa chuo, wanaosimamiwa na bodi moja kwa moja ni mmoja: mkuu wa chuo. Wengine wote wanasimamiwa naye. Kwa hiyo anaposema "taarifa yangu kwa bodi", anazungumza na mwajiri wake, na mwajiri wake amewekwa pale na majirani zangu.

Ukiwa na nyumba, utaliona jambo hili kwenye hati ya kodi. Bosi wangu wa zamani alinionyesha ya kwake: mstari wa shule, mstari wa maktaba, mstari wa zimamoto, na kati yao mstari wa chuo, na kiasi chake pembeni. Wazo la mwanzo la Illinois lilikuwa vyuo hivi visimame kwa mafiga matatu: kodi ya majengo ya wilaya, fedha za jimbo, na ada ya wanafunzi, kila figa theluthi. Figa la jimbo limekuwa fupi kuliko mengine kwa miaka mingi, na chungu kimeinama. Mimi ni mpangaji, sina hati ya kodi, lakini mwenye nyumba analipa kwa pesa ya pango ninayompa kila tarehe mosi. Jirani yangu hali kadhalika. Hilo nilimwambia njiani, kwa sababu alikuwa akiogopa. Aliniuliza kama mtu asiye raia ana haki ya kuingia mle. Nikamwambia sheria ya mikutano ya wazi ya Illinois inasema mtu yeyote apewe nafasi ya kuzungumza na viongozi wa umma katika kikao chao. Imeandikwa mtu yeyote.

Taarifa ya mkuu wa chuo ina mtiririko wake, na ukishasikia nyingi unaujua. Ukurasa wa kwanza ni furaha: timu ya uchomeleaji imeshinda mashindano, kampuni fulani imechangia mashine, maabara ya uuguzi imepata sanamu mpya ya mgonjwa inayopumua na kukohoa. Sizidharau habari hizo. Sanamu ya aina hiyo ndiyo iliyonifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Halafu huja mambo ya majengo, halafu wafanyakazi wapya. Na mahali fulani ukurasa wa pili au wa tatu huja jedwali la udahili, na hapo ndipo chumba kizima huinua macho, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo.

Nataka nikae kwenye jedwali hilo.

Udahili huhesabiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vichwa: watu wangapi wamejiandikisha, hesabu inayochukuliwa siku ya 10 ya muhula. Ya pili ni ile inayogeuza vichwa kuwa wanafunzi kamili. Unajumlisha saa zote za masomo walizojiandikisha watu wote (si saa za ukutani, ni uzito ambao kila kozi imepewa), unagawanya kwa 15, ambayo ndiyo saa za mwanafunzi wa kutwa kwa muhula. Jibu ndilo idadi ya wanafunzi kamili. Ni hesabu ya lazima, siilaumu; bila hiyo huwezi kujua unahitaji walimu wangapi na madarasa mangapi, na jimbo nalo linagawa fedha kwa kufuata saa za masomo. Lakini jaribu kuisoma ukiwa upande wetu. Wanawake watatu wenye saa 5 kila mmoja, wanaotoka kiwandani na kuja darasani wakinuka jasho, katika safu ile ya pili ni mwanafunzi mmoja. Kozi yangu ya CNA, pamoja na zile saa 120 za mafunzo, humo ilihesabiwa saa 6 tu za masomo. Muhula wote ule, kwa hesabu hiyo, nilikuwa chini ya nusu ya mtu.

Kisha kuna kiwango cha wanaohitimu, namba inayopenda kunukuliwa magazetini. Sheria ya shirikisho ya 1990 iliyovitaka vyuo viitangaze iliwahesabu wale tu wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza, tena wakiwa wanafunzi wa kutwa, na kuwapa hadi miaka mitatu kumaliza shahada ya miaka miwili. Mama wa watoto wanne anayechukua somo moja kwa muhula hayumo. Hata akimaliza, hayumo. Vipimo vinavyowajumuisha wa muda nusu vimekuja miaka mingi baadaye, na bado ile namba ya zamani ndiyo watu wanayoikumbuka. Katika chuo cha jamii, wanafunzi wa muda nusu ndio wengi.

Kwa hiyo jirani yangu aliponiuliza sisi tuko wapi humu, nilianza kututafuta. Ukurasa wa kwanza hatukuwepo. Wa pili hatukuwepo. Wa tatu, chini ya jedwali, nikaukuta mstari mmoja: udahili wa Kiingereza kwa watu wazima umeshuka ukilinganisha na muhula uliotangulia, kutokana na hali ya soko la ajira. Nikamwekea kidole pale. "Tuko hapa," nikamwambia. Nikamtafsiria.

Akaurudia ule mwisho polepole. "Soko la ajira." Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Si hivyo."

Alikuwa amekuja kusema jambo, na sasa alijua analisema kwa nani.

Hapa niseme kidogo kuhusu kikao changu cha kwanza, kwa sababu kilinifundisha taarifa nzuri inafananaje. Kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 jimbo la Illinois lilikaa bila bajeti kamili. Wanasiasa walishindwa kuelewana, na fedha za vyuo zikawa zinatoka kwa vipande, au hazitoki. Ruzuku za jimbo kwa wanafunzi wenye kipato kidogo zikachelewa nchi nzima ikiona. Katikati ya hali hiyo, mkuu wa chuo wa wakati ule, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alisimama mbele ya bodi na hakuanza na ukurasa wa furaha. Alianza na fedha. Akaeleza kilichoingia na kilichokwama, kisha akasema kituo cha kuwasaidia wanafunzi masomo kitafungwa Jumamosi. Mdhamini mmoja akamuuliza ni nani huwa wanakuja Jumamosi. Akajibu bila kutazama karatasi: wale wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Akaongeza kwamba ndio watakaoumia, na kwamba uamuzi ni wake. Mimi nilikuwa mmoja wao, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya hesabu za dawa, na niliondoka pale nikiwa na huzuni lakini bila hasira. Kuna nguvu kubwa katika kiongozi kuyataja maumivu kwa jina lake, mbele ya watu yatakaowapata. Tangu hapo kila taarifa naipima kwa hiyo.

Miaka ya korona ilikuja na kupita. Msimu wa vuli wa 2020 udahili wa vyuo vya jamii vya umma Marekani nzima ulishuka kwa takriban asilimia 10, kuliko aina nyingine yoyote ya vyuo. Mkuu huyo akastaafu, akaja mwingine. Huyu wa sasa ni mtu mpole na mchapakazi. Ila ule mstari wa soko la ajira aliuandika, au aliandikiwa akaupitisha.

Ukitaka kuzungumza unajaza kikadi kidogo kabla kikao hakijaanza. Unapewa dakika tatu, na mezani kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Jina la jirani yangu lilipoitwa, alisimama akavua kilemba akakifunga upya, ndivyo anavyofanya akitaka kutulia. Tukaenda pamoja hadi kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti alipoona natafsiri, akasema muda wa tafsiri hautahesabiwa. Nilimshukuru moyoni.

Alizungumza Kiswahili chake cha Uvira, nami nikakihamisha sentensi kwa sentensi. Alisema anafanya kazi kiwanda cha nyama. Alisema darasa la Kiingereza linaanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kumalizika saa tatu usiku. Basi la mwisho linapita mbele ya chuo saa mbili na dakika arobaini. Kwa hiyo kila usiku wa darasa una njia mbili: kuondoka kabla mwalimu hajamaliza, au kutembea. Yeye hutembea. Ni dakika 50 wakati wa kiangazi; wakati wa barafu hazihesabiki. Walianza wengi kutoka jengo letu na majengo ya jirani, akasema, na sasa wamebaki wanne.

Halafu akaiinua ile taarifa, ukurasa wa tatu ukiwa nje.

"Humu mumeandika ni soko la kazi. Wale walioacha darasa, hawakukichoka Kiingereza. Waliacha kwa sababu ya barabara, na usiku, na baridi. Mimi naomba muandike hivyo."

Taa ilikuwa bado kijani.

Hakuna aliyejibu. Kwa kawaida bodi haijibu maoni ya wananchi papo hapo. Mwenyekiti hushukuru na kuita jina linalofuata. Jirani yangu hakuijua desturi hiyo. Tulipokaa alikuwa akitetemeka, akaniuliza kama amekosea adabu. Nikamwambia hapana. Nikamwonyesha mkuu wa chuo, aliyekuwa ameinamisha kichwa akiandika, na yule mdhamini mwanafunzi, kijana wa miaka 19 hivi, aliyekuwa amegeuza kiti kizima kututazama. Nilimwambia pia habari ya baba na saruji. Akacheka kidogo, akasema kwao Uvira angeitwa mtu mgumu.

Mwezi uliofuata sikuweza kwenda, nilikuwa zamu. Taarifa huwekwa kwenye tovuti ya chuo pamoja na ajenda, nikaisoma kwa simu nikiwa chumba cha mapumziko, uji wangu ukipoa. Safari hii tulikuwa ukurasa wa pili. Ilikuwa aya nzima. Mkuu wa chuo aliandika kwamba maelezo yake ya mwezi uliopita kuhusu kushuka kwa darasa la Kiingereza hayakuwa kamili, kwamba mwananchi amemweleza kuhusu ratiba ya basi, kwamba ofisi yake iliwapigia simu walioacha na wengi waliopatikana walisema vivyo hivyo. Kuanzia muhula ujao darasa litaanza saa kumi na mbili kamili na kumalizika saa mbili na nusu.

Maneno "hayakuwa kamili" niliyasoma mara tatu. Mtu mwenye nembo na bodi na ofisi yenye madirisha matatu ameambiwa rudia, amerudia. Nilimpigia baba Muheza usiku ule ule, kwao kukiwa kunapambazuka, nikamsomea kwa Kiswahili. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na basi lenyewe, wamelisogeza?" Nikamwambia basi si la chuo. "Basi kazi haijaisha," akasema.

Na haijaisha kweli. Ratiba mpya ilipoanza, kati ya wale walioacha walirudi watano. Lakini wawili kati ya wanne waliokuwa wamevumilia muda wote ule wakaondoka, kwa sababu zamu yao inaisha saa kumi na mbili, na kutoka kiwandani hadi chuoni ni nusu saa. Katika hesabu ya vichwa tumepanda. Jirani yangu hakufurahi hata kidogo. Wale wawili ni watu aliokuwa akitembea nao gizani, wakishikana mikono kwenye barafu, na sasa anarudi kwa basi mwenyewe akiwapita nyumbani kwao.

Juzi alinigongea mlango na daftari. Safari hii anataka kuzungumza Kiingereza mwenyewe, na mimi nikae pembeni yake tu iwapo atakwama. Amekwisha andika sentensi nne, amefuta moja. Anataka kuomba darasa la pili, Jumamosi asubuhi, na anataka pia kuuliza kama chuo kinaweza kuwaandikia barua wenye mabasi. Tulikaa mezani mpaka usiku tukipima dakika tatu kwa saa ya simu. Mara ya kwanza zilimwishia katikati. Mara ya nne alimaliza zikiwa zimebaki sekunde 20.

Kikao ni Jumanne. Sheria inataka ajenda ibandikwe angalau saa 48 kabla, kwa hiyo Jumapili, tukitoka kanisani, tutapita chuoni kuitazama. Zamu yangu nimeshaomba ibadilishwe.